Kabla hujapiga lipu: kupanga wayaringi ya taa zitakazowashwa na taima

Dada mmoja wa Goba, Dar es Salaam, alinunua taima Kariakoo, ile saa ndogo yenye kioo cha tarakimu inayowasha na kuzima taa yenyewe, akampa fundi aifunge mahali pa swichi ya taa za barazani. Fundi akafungua swichi, akakuta nyaya mbili: mwekundu na mweusi. Mwekundu akaupeleka palipoandikwa L, pa laivu, waya unaoleta umeme. Mweusi, kwa kuwa kila mtu anajua mweusi ni nyutro, waya wa kurudisha umeme, akaupeleka kwenye N. Kisha akaona tundu la kutolea umeme wa taa halina kitu, na waya mwingine hana, basi akalichomeka hukohuko kwenye mweusi. Jioni muda ulipofika taima ikalia "tik", taa zikataka kuwaka, kioo kikazima, taa zikazima, kioo kikawaka tena, "tik". Ikawa mchezo huohuo mpaka mtu alipokwenda kuzima meni swichi. Fundi akasema taima ni feki. Ikanunuliwa nyingine, nayo ikafanya vilevile.

Taima zote mbili zilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa ndani ya ukuta, imefunikwa na lipu, skimu na rangi ya mikono miwili.

Nimeona kisa cha namna hii zaidi ya mara moja, na karibu kila mara kinaishia kwenye waya mmoja ambao haukuvutwa siku ya wayaringi. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia taima gani ununue, tuzungumze kuhusu waya huo.

Mlango hauli, mlinzi hula

Fuata safari ya umeme wa taa moja. Laivu inatoka kwenye DB, lile boksi la breka, inapita darini, inashuka ndani ya paipu hadi kwenye boksi la swichi. Ukibonyeza swichi, umeme unavuka na kupanda tena kwa waya wa pili kwenda kwenye taa. Ukishafanya kazi kwenye taa, unarudi DB kupitia nyutro. Na hiyo nyutro, kwa wayaringi ya kawaida ya kwetu, haishuki kwenye swichi hata kidogo. Inabaki hukohuko darini, ikiruka kutoka taa hadi taa.

Hapo fundi hajakuibia. Swichi ya kawaida ni kama mlango: inafungua njia au inaifunga, yenyewe haitumii umeme. Kwa nini umpelekee nyutro mtu asiyeihitaji, wakati rola ya waya inauzwa kwa pesa? Nyumba nyingi za Tanzania na Kenya zimefungwa hivyo na zinawaka vizuri miaka nenda rudi.

Taima ni kitu kingine. Taima ni mlinzi aliyekaa mlangoni, na mlinzi hula. Ndani yake kuna saa, kioo na rilei ndogo inayofunga na kufungua njia, na vyote hivyo vinahitaji umeme saa ishirini na nne, hata taa zikiwa zimezimwa. Ili ule umeme uliokula upate njia ya kurudi, lazima iwe na nyutro yake.

Sasa rudi Goba. Ule waya mweusi haukuwa nyutro, ulikuwa ndio waya unaopanda kwenda kwenye taa. Taima ilikuwa inapata "nyutro" ya kuazima kwa kupitia taa zenyewe: umeme kidogo unavuja kupitia taa, saa inapata uhai. Muda ukifika, rilei inafungua njia na laivu inajaa kwenye waya uleule mweusi. Upande wa L una laivu, upande wa N nao una laivu, hakuna tofauti tena ya kuiendesha saa, basi inakufa. Ikifa, rilei inaachia. Rilei ikiachia, nyutro ya kuazima inarudi, saa inafufuka. Tik.

Kuhusu rangi, nafungua mabano kidogo kwa sababu suala hili limeunguza vitu vya watu. Tulirithi rangi za Kiingereza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Uingereza yenyewe ilianza kuhama mwaka 2004 kwenda kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Madukani kwetu utakuta za zamani na za sasa zimepangwa rafu moja. Kwenye umeme wa fezi tatu ni hatari zaidi: nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi ya sasa ni fezi, yaani laivu, na buluu imegeuka kinyume chake. Juu ya hayo, fundi akiishiwa rangi moja saa kumi jioni, anamalizia na iliyobaki. Rangi ni ahadi tu. Testa ndiyo inayothibitisha.

Taima itakaa wapi?

Ukishaelewa habari ya nyutro, upangaji mzima unakuwa swali moja: taima itakaa wapi, na mahali hapo patakuwa na laivu isiyozimwa, nyutro, na waya wa kwenda kwenye taa? Nyaya tatu, na ethi yake. Popote penye vitu hivyo, taima itafanya kazi.

Mahali pa kwanza ni kwenye boksi la swichi lenyewe. Hapa agizo kwa fundi ni fupi: "Kila boksi la swichi, shusha na nyutro." Nasema kila boksi, si yale unayodhani leo utayawekea taima, kwa sababu hujui utakachotaka miaka mitano ijayo, na swichi za kisasa zinazoendeshwa kwa simu nazo zinataka nyutro ileile. Gharama ni waya wa milimita 1.5 wa kushuka kutoka darini mpaka usawa wa swichi, mita moja na nusu hivi kwa kila boksi. Fundi aifunge ncha yake kwa kiunganishi, aikunje nyuma ya boksi, ikae hapo hata miaka kumi bila kutumika. Haidhuru kitu.

Pamoja na hilo, angalia kina cha boksi. Yale maboksi ya tatu kwa tatu membamba yanatosha swichi ya kawaida, lakini taima ina mgongo mnene. Usiponunua maboksi ya kina cha milimita 35 au zaidi, siku ya kufunga utamwona fundi akisukuma kwa kiganja na goti, nyaya zinajikunja nyuma, na siku moja skrubu inauma ganda la waya. Chukua marefu kwenda ndani tangu mwanzo. Ukuta wa tofali la inchi sita unayabeba bila shida.

Mahali pa pili, na kwa taa za nje ndipo ninapopapenda mimi, ni ndani ya DB. Kuna taima zinazopachikwa kwenye reli palepale zinapokaa breka. Laivu ipo, nyutro ipo, hakuna boksi la kubana, wala hakuna mtoto wa kuchezea vibonyezo. Lakini ina sharti lake, na sharti hilo linavunjwa kila siku: taa unazotaka ziongozwe na taima lazima ziwe na njia yao peke yao kutoka DB.

Mara nyingi haziwi. Fundi akifika kwenye taa ya nyuma ya nyumba, anaangalia chumba kilicho karibu, anachukua umeme kwenye taa ya chumba cha watoto. Taa ya geti anaichukua sebuleni. Ya kona ya jikoni, jikoni. Zinawaka zote, mwenye nyumba anafurahi. Siku ukisema "sasa zote za nje ziwake kwa pamoja saa kumi na mbili na nusu", jibu ni kwamba hakuna waya mmoja unaozishika zote. Ukiiweka taima DB kwenye njia ya taa za vyumba, inazima na chumba cha watoto.

Kwa hiyo kabla ya kuvuta waya, kaa na fundi mkiwa na karatasi mgawanye taa kwa makundi ya matumizi, msizigawe kwa ukaribu wa ukuta. Taa za fensi na geti kundi moja, breka yake. Baraza na mlango wa nyuma kundi jingine. Korido na ngazi peke yake. Sebule na vyumba vinabaki kawaida, ingawa mtu wa Dar anayefunga nyumba kila Desemba kwenda kula Krismasi Moshi atapenda taa moja ya sebule ijiwashe jioni na kujizima saa nne, ili wapita njia waone kuna watu. Kwa hiyo moja tu, taima ya kuchomeka kwenye soketi na taa ya mezani inatosha, hakuna haja ya wayaringi.

Acha pia nafasi kwenye DB. Ukinunua DB ya njia nane na una breka nane, taima itakaa kichwani kwako? Taima za reli huchukua upana wa breka moja au mbili, na kontakta, ambayo nakuja kuieleza, inachukua nafasi yake.

Nyumba imeshaisha, nifanyeje?

Hapa tuna bahati ambayo wenzetu wa nchi nyingine hawana. Kwetu nyaya hupitishwa mojamoja ndani ya paipu za plastiki zilizozikwa ukutani, hazizikwi zikiwa kebo nzima ndani ya lipu. Maana yake ni kwamba ukuta hauhitaji kutinduliwa. Fundi anapanda darini, anatafuta paipu inayoshukia swichi hiyo, anasukuma springi ya kuvutia waya, anashusha nyutro. Paipu ya milimita 20 yenye nyaya mbili au tatu ndani bado ina nafasi. Kazi ngumu ni kama dari imefungwa jipsamu bila mlango wa kupandia, au paipu ilijaa zege siku ya kumwaga slabu. Ndiyo maana kwenye nyumba ya ghorofa mambo haya yaamuliwe kabla ya nondo za slabu kufungwa.

Kama nyutro haishuki kabisa, zipo taima zinazouzwa kwa sifa ya "haihitaji nyutro". Zinafanya kwa makusudi kile ambacho taima ya Goba ilifanya kwa bahati mbaya: zinavujisha umeme kidogo sana kupitia taa ili saa iishi. Enzi za globu za waya hilo halikuonekana. Kwa taa za LED, umeme huohuo kidogo unatosha kuifanya taa iwe na mwanga hafifu usiku kucha, au ipepese kila baada ya sekunde kadhaa. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kapasita (kihifadhi umeme) kinachofungwa sambamba na taa. Hufanya kazi, ila kwangu ni suluhisho la mwisho.

Zipo njia mbili za mkato ambazo ukimwona fundi anazifanya mwambie ashuke ngazi. Ya kwanza ni kutumia ethi kama nyutro. Itawaka, ndiyo, maana ethi na nyutro hukutana mahali fulani. Lakini ethi ni njia ya dharura, haitakiwi kupitisha umeme wa kazi. Siku waya wa ethi ukikatika karibu na fimbo yake nje, umeme uliokuwa unarudi kwa njia hiyo utatafuta njia nyingine, na kila bati la friji, pasi na mashine ya kufulia limeunganishwa nao. Kama una breka ya RCD, ile inayokata umeme ukivuja miliamperi 30, huenda ikaanza kukata ovyo, na fundi huyohuyo atakushauri uiondoe.

Ya pili ni nyutro ya kuazima kutoka njia nyingine. Soketi iko chini ya swichi, ina nyutro, mbona tusiichukue hapo? Kwa sababu siku mtu akizima breka ya soketi na kuifungua atengeneze, akagusa nyutro iliyoachiwa ncha, taa zinaendelea kurudishia umeme humohumo. Na wenye inveta yenye betri wana sababu ya ziada: taa zikiwa upande wa inveta na soketi upande wa gridi, nyutro zikichanganywa inveta inaweza kugoma au kuungua. Nyutro ya njia fulani ibaki ya njia hiyo, kuanzia DB hadi mwisho.

Korido na ngazi

Swichi za njia mbili, zile mafundi wanaziita tuwei, unawasha chini na kuzimia juu, ndizo zinazowachanganya watu zaidi kwenye habari ya taima. Katikati ya swichi hizo mbili kuna nyaya mbili zinazopokezana umeme: ukibonyeza, umeme unahama kutoka huu kwenda ule. Hakuna hata mmoja wenye laivu ya kudumu. Ukiiweka taima upande mmoja mahali pa tuwei, itaishi au kufa kutegemea mtu wa upande wa pili amebonyeza vipi.

Kama bado hujavuta waya na unajua ngazi itakuwa na muda, achana na tuwei kabisa. Weka vibonyezo vya kama kengele, viwili, vitatu, hata kumi kwa jengo la wapangaji, vyote sambamba, vikipeleka ishara kwenye taima ya ngazi ndani ya DB. Yeyote akibonyeza, taa zinawaka dakika tatu au nne kisha zinazima zenyewe. Kuongeza kibonyezo ghorofa ya nne mwaka ujao ni suala la kurefusha nyaya mbili tu. Kwa nyumba za kupanga, ambako taa ya ngazi huwa haina mwenyewe na inawaka mchana kutwa, sijaona njia rahisi kuliko hiyo.

Amperi 16 zilizoandikwa ubavuni

Taima imeandikwa 16A. Taa zako za fensi ni nane za wati 50, jumla wati 400, kwa volti 230 haifiki hata amperi mbili. Mbona taima imeganda, taa haizimi?

Zile amperi 16 ni za mzigo mpole kama hita ya maji. Taa za LED zina kapasita ndani, na kapasita ikiwa tupu hunywa umeme kwa pupa wakati ule wa kuwashwa, mara nyingi zaidi ya amperi zake za kawaida, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Taa nane zikinywa kwa mpigo, ncha za rilei zinapiga cheche na siku moja zinashikana moja kwa moja. Soma maandishi madogo ya kijitabu, utaona kiwango cha LED kiko chini mno. Kwa taa mbili tatu za barazani usijali. Kwa fensi nzima, taima iwashe kontakta, swichi nene inayoendeshwa kwa umeme, na kontakta ndiyo ibebe taa. Taima inabaki na kazi ya saa.

Na usisahau swichi ya mkono. Mgeni amefika saa kumi alfajiri, taima imeshazima, unataka mwanga. Swichi ikifungwa sambamba na taima, ukiiwasha taa zinawaka taima itake isitake. Ikifungwa kwa kufuatana nayo, ukiizima taa zinazima hata kama muda wake bado. Ukitaka yote mawili, kuna swichi ya hatua tatu: washa, zima, otomatiki. Waya wake upangwe siku ileile ya wayaringi, ushuke mahali unapofikia ukiwa na kanga tu, si nyuma ya mlango wa stoo.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Saa ngapi?

Kutakuwa na mtu wa kukuuzia taima inayojua machweo ya kila siku ya mwaka. London ina haja nayo, jua huzama karibu saa kumi jioni Desemba na saa tatu na kitu usiku Juni. Dar es Salaam mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Weka saa kumi na mbili na nusu, umemaliza.

Linalotuhusu sisi zaidi ni umeme kukatika. Taima za kuzungusha, zile zenye sahani na vijipini 96, kila kimoja dakika 15, huhesabu muda kwa mapigo ya umeme wenyewe. Umeme ukikatika masaa matatu, saa inasimama masaa matatu, na kesho taa zinawaka saa tatu na nusu usiku. Nunua yenye betri ya akiba ndani, na muulize muuzaji akiba inadumu muda gani.

Baada ya hapo kinabaki kioo. Mzee mmoja jirani yangu aliipanga yake mwenyewe, kwa makini, kwa miwani, na taa za geti zikaanza kuwaka mchana wa jua kali, giza bado liko mbali. Akaniita. Nikatazama kioo: kuwasha 12:30, kuzima 06:00.

"Si saa kumi na mbili na nusu hiyo?" akaniuliza.

Ndiyo, Mzee, ni saa kumi na mbili na nusu. Tukaibadilisha ikawa 18:30. Ile 06:00 tuliiacha ilivyo.